Gari la Maji na Chupa ya Mama

Mama yangu alikuwa na kasha la mbao chini ya dirisha la chumba chake, kule Tumbe, na ndani ya kasha lile, chini ya kanga mpya asizozivaa, aliweka vitu viwili alivyoviita vya safari. Kimoja ni sanda yake, imekunjwa vizuri na kufukizwa udi. Cha pili ni chupa ya maji ya Zamzam aliyorudi nayo mwenyewe kutoka Hija. Ilikuwa chupa ya plastiki ya kawaida, na kifuniko chake cha buluu alikizungushia uzi mwekundu, asije mtu akaifungua kwa kudhani ni maji ya kunywa. Safari yenyewe hakuna aliyehitaji kuuliza ni ipi.

"Siku yangu ikifika," akiniambia, "utanilowesha mdomo kwa haya. Weye, si mwengine. Mkono wako hautetemeki."

"Inshallah, mama. Lakini bado sana."

"Bado sana waijua weye?"

Aliniambia maneno hayo mara nyingi mno, tena bila huzuni yoyote, kama mtu anayekumbusha funguo zinawekwa wapi. Mie nikiitikia na kuendelea na yangu. Nayataja mwanzo kwa sababu habari ya gari na mtambo na ugomvi wetu, mwisho wake ilirudi kwenye chupa ile.

Mie ni mwalimu wa kemia. Nasomesha skuli ya sekondari Chake Chake, naishi hukohuko, na kila Ijumaa nikitoka kazini nilikuwa nakwenda Tumbe kumtazama mama. Hasira zangu ziko karibu, sijifichi. Wanafunzi wanalijua hilo na nyumbani wanalijua zaidi. Jambo lisilo kweli likisemwa mbele yangu, hata likiwa dogo, nashindwa kuliacha lipite. Mama alikuwa akisema nilizaliwa na kalamu nyekundu mkononi.

Mdogo wangu, mtoto wa kiume pekee wa mama, alikuwa akiishi naye. Ana pikapu kuukuu. Asubuhi hupakia samaki pwani Tumbe, anawafunika barafu na maturubali, anawapeleka soko la Chake. Ni mtu wa mikono. Redio iliyokufa akiishika inasema, pampu ya kisima akiifungua na kuifunga inavuta maji. Nilimpenda na nampenda, lakini ana tabia moja inayonitoa roho: akishapenda jambo liwe hivyo, basi kwake limeshakuwa hivyo.

Mambo yalianza siku za shida ya mafuta. Meli ilichelewa, vituo vikafunga, kila mwenye gari akaliegesha na kukaa barazani na simu yake. Kwenye simu ndiko mdogo wangu alikoiona video. Mtu mmoja, nchi gani haijulikani, anamimina kopo la maji kwenye gari, anawasha, gari linaondoka, watu wanapiga makofi. Akaitazama mara ya kwanza, ya pili, ya kumi. Mafuta yalipokuja watu wengine wakasahau. Yeye akaagiza mtambo.

Uliletwa kwa boti, ndani ya boksi lililofungwa utepe mpaka kwenye kona. Nilikuwepo alipolifungua. Palikuwa na gudulia zito la kioo lenye sahani nyembamba za chuma zilizopangwa ndani, waya mbili, mpira mwembamba, pakiti ya unga mweupe wa chengachenga, na karatasi ya maelekezo kwa maandishi ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeyajua. Chenga zile nilizigusa kwa ncha ya kidole kilichoroa. Kidole kikawa na utelezi hapohapo, kisha kikaanza kuwasha. Ilikuwa kostiki, ileile wanayopikia sabuni ya mwani kina mama wa vikundi.

"Hii inakula ngozi," nikamwambia. "Iweke juu ya kabati, usiiguse."

Akaiweka juu ya kabati. Gudulia akalifunga ndani ya boneti kwa vyuma vyake mwenyewe, kazi safi, siwezi kusema vingine. Waya akaziunga kwenye betri kupitia fyuzi. Mpira akauingiza pale injini inapovutia hewa. Akajaza maji ya mvua, maana alisema ya kisima yana chokaa. Alipowasha gari viputo vidogo vikaanza kupanda kwenye zile sahani, kimoja kimoja.

"Sasa, dada," akasema, "hewa ile inawaka au haiwaki?"

"Inawaka."

"Inatoka kwenye maji au haitoki?"

"Inatoka."

"Basi gari linakwenda kwa maji." Akakung'uta mikono kama mtu aliyemaliza kushusha mzigo.

Lililoniudhi ni kwamba majibu yangu yote mawili yalikuwa kweli. Umeme ukipita kwenye maji huyapasua yakawa hewa mbili, haidrojeni na oksijeni, na haidrojeni ukiiwasha inaripuka. Hilo nalionesha darasani kila mwaka, na ukelele unaotoka kwenye neli ya majaribio huwafurahisha mpaka wale wanaolala nyuma. Uongo wa mtambo ule haumo kwenye viputo. Uko mahali ambapo muuzaji hakuonyeshi.

"Umeme wa kuyapasua umetoka wapi?" nikamuuliza.

"Kwenye betri."

"Betri inachajiwa na nani?"

"Alteneta."

"Na alteneta inazungushwa na nini?"

Akanitazama. "Injini."

"Injini inakula nini?"

"Aa, dada, weye nawe!"

"Inakula petroli, bwana wee! Unachoma petroli kuzungusha injini, injini izungushe alteneta, alteneta itoe umeme, umeme upasue maji, hewa irudi kwenye injini. Kila mkono unaopokea unakata chake. Huyu amepata joto, yule amesuguana na mkanda, waya nazo zimechukua. Kinachorudi ni kidogo kuliko kilichotoka. Unalifanyisha gari kazi ya kubeba mtambo wa kulipunguzia nguvu."

Akanijibu kwamba mambo hayo ni ya vitabuni. Nikamwambia sasa neno ambalo nimelitumia darasani miaka yote, neno nililolipenda kupita kiasi kwa sababu Kiswahili kilinipa bure. Nikamwambia maji ni majivu. Haidrojeni inapoungua, kinachobaki si kingine ila maji. Kwa hiyo maji ni kitu kilichokwisha ungua zamani, joto lake limeshatoka na kwenda zake. Ukitaka kuyageuza yawake tena, sharti uyarudishie joto lote lililotoka, na juu yake hasara ya njiani.

"Umemuona nani anapikia majivu?" nikamuuliza.

"Gari linakwenda," akasema.

Kweli lilikuwa likienda, kwa petroli, kama siku zote. Lakini yeye alisema limekuwa jepesi na halili mafuta kama zamani. Wiki mbili alinisomea habari hiyo kwa simu. Nikafikiri juu ya wepesi huo, na nadhani niliujua ulikotoka. Mtu aliyefunga mtambo wa kuokoa mafuta huendesha akitega sikio. Hakanyagi kwa nguvu, hafukuzani na wenzake, mlimani anabadilisha gia kwa adabu. Mafuta yanapungua taratibu kweli, na sababu ni mguu.

Nikamwomba tufanye jaribio. Nilitumia siku zangu za likizo. Tulijaza tenki mpaka shingoni, tukaenda Chake na mzigo, tukarudi, tukajaza tena kwa dumu lenye alama nikaandika lilivyopungua. Sharti langu lilikuwa moja: kila asubuhi kabla hajakaa kwenye usukani, nitafungua boneti peke yangu, na nitaiacha fyuzi ya mtambo au nitaichomoa, naye hatajua. Akakubali kwa kicheko. Alikuwa na hakika ataisikia tofauti mguuni.

Siku ya tatu tulikuwa tunapita Konde, barabara imenyooka, na yeye anapigapiga usukani kwa furaha.

"Leo umeuacha," akasema. "Hebu sikiliza. Yaani linateleza lenyewe!"

Nikafungua mkoba wangu nikatoa fyuzi, nikaiweka juu ya dashibodi mbele yake.

Akaacha kupigapiga usukani. Na zile siku za fyuzi kuwemo, dumu lilipungua zaidi kidogo, si sana, ila zaidi. Nilimwonesha karatasi. Akaitazama, akasema nimemfanyia uhuni. Nikakasirika, nikamwambia uhuni amefanyiwa na aliyemuuzia. Nikiri kwamba pia nilifurahi. Nilikuwa nimeshinda mbele ya mtu ambaye hajawahi kunikubalia chochote tangu tulipokuwa tukigombania mkaa wa kuchorea ukutani.

Ijumaa iliyofuata tulikuwa ukumbini, mama ameweka ungo mapajani anachagua mchele. Mdogo wangu alikuwa amepata maelezo mapya.

"Si mtambo," akasema. "Ni maji. Maji ya mvua hayana nguvu. Viputo vyenyewe huvioni."

"Hilo la viputo ni kweli," nikasema. "Maji ya mvua ni matupu, umeme haupiti vizuri. Unapitishwa na chumvichumvi, nazo ya mvua hayana. Lakini hata ukipata maji yanayopitisha umeme kama waya, bado ni majivu."

Mama akainua kichwa. "Majivu nini?"

"Maji, mama."

"Maji yepi?"

"Yote. Ya mvua, ya kisima, ya bahari."

"Na yangu yale?"

Kulikuwa na jibu rahisi. Ningesema, aa, yale mbali, mama, na mchele ungeendelea kuchaguliwa. Ningeweza hata kusema ninachokiamini hasa, kwamba baraka ni jambo moja na umeme ni jambo jengine, na kwamba kipimo cha hili hakipimi lile. Mie mwenyewe nikipewa Zamzam naielekea kibla, nasoma dua, nakunywa. Lakini mdogo wangu alikuwa ananitazama, na bado nilikuwa na utamu wa ile fyuzi.

"Na yale, mama," nikasema. "Maji ni maji."

Mama akasema astaghfirullah, taratibu, akarudi kwenye ungo. Akauchagua mchele ule uliokwisha chaguliwa mpaka adhana ya magharibi. Nilijua nimemuumiza. Nilirudi Chake bila kumwomba radhi, nikijiambia kwamba sikusema uongo.

Asubuhi yake mama akamwita mdogo wangu chumbani, akafungua kasha, akampa chupa. Yote. Mdogo wangu anasema alikataa, akasema mama, haya si yako ya safari? Mama akamjibu, "Chukua. Tuone hayo majivu." Mpaka leo sijui kama alitaka kumsaidia yeye au kunikomesha mie. Nadhani yote mawili.

Alinipigia video nikiwa nasahihisha madaftari. Gudulia lilikuwa linatoa viputo kwa wingi, vinapanda mfululizo, na nyuma ya simu nasikia sauti za majirani wanasema subhanallah. Nilijua kwa nini. Maji ya Zamzam yana madini mengi. Ukiyaonja tu ulimi unahisi uzito wake. Umeme ulipita kwa sababu ya madini. Niliandika ujumbe wa kueleza hivyo, mistari mitano, nikausoma, nikaufuta. Nisingeweza kuwaambia watu waliokuwa wanataja jina la Mungu kwamba hata chumvi ya jikoni ingefanya vilevile.

Ijumaa nilipofika mama alikuwa kwenye kizingiti ananingoja.

"Karibu, Bi Majivu," akasema. "Umeyaona majivu yangu yanavyochemka?"

"Nimeyaona, mama."

"Ehee!"

Jina likanikaa. Nikiingia, Bi Majivu amefika. Nikiosha vyombo, Bi Majivu usiyamalize majivu kisimani. Alikuwa akinitania na akinisamehe kwa wakati mmoja, huo ndio ulikuwa utaratibu wake, na mie nilicheka kwa nje. Kwa ndani iliniuma, si kwa ajili ya jina. Kila nilipolifikiria lile kasha nikiona nafasi iliyo wazi kando ya sanda.

Gari liliendelea kula mafuta kama kawaida. Viputo vingi kwa macho ya binadamu ni pumzi ndogo tu kwa injini, ukilinganisha na hewa inayovuta. Lakini mdogo wangu hakuwa mtu wa kuishia hapo. Akapanda juu ya kabati akateremsha ile pakiti, akatia kijiko kimoja cha chenga zile ndani ya gudulia, baadaye kijiko kingine. Hakuniambia. Hilo nililijua baadaye, siku ambayo nitaifikia. Gudulia likatokota kama sufuria ya ugali, waya zikapata moto, na umeme wote wa gari ukawa unaishia humo. Asubuhi moja karibu na Konde gari lilizimika njiani, limejaa samaki. Betri haikuwa na hata chaji ya kupiga honi. Walisukuma wakachoka. Barafu ikayeyuka, jua likapanda, na samaki waliotoka baharini alfajiri wakaharibika kabla ya adhuhuri.

Alinipigia simu. Sikumwambia "si nilikwambia?" Nilimuonea huruma, na huruma ile ilinikera, maana nilikuwa na maneno mengi mazuri niliyoyaweka tayari kwa siku hiyo. Akafungua mtambo, akautupa stoo. Tukaacha kuuzungumza.

Ila yalibaki maji. Kwetu maji ya Zamzam hayamwagwi. Hilo mtoto analijua kabla hajajua kusoma: yakimpita mtu mdomoni yanafutwa kwa kiganja na kiganja kinapakwa usoni; hayatupwi uani mahali panapokanyagwa, seuze mtaroni pamoja na maji ya vyombo. Mtu mwengine angelimwaga gudulia lile na kwenda zake. Mdogo wangu hakuweza. Mie sikuuliza yamekwenda wapi.

Baada ya wiki chache mama akaniambia, amefurahi, "Maji yangu yamerudi. Mdogo wako kayarejesha. Yamepungua kidogo tu."

Nilidhani alibakisha kiasi kabla ya kujaza gudulia. Nilidhani tu. Mie niliyefunga na kufungua fyuzi kila asubuhi ili nisidanganywe na mguu wa mtu, sikufungua kasha kutazama. Nilikuwa nimechoka kuwa Bi Majivu. Nilisema alhamdulillahi, mama, nikaenda kupika.

Mama alianza kudhoofika mwaka uliofuata. Alilala hospitali Chake kwa muda, mie nikienda asubuhi kabla ya skuli na jioni baada yake. Mwisho akasema anataka kitanda chake. Daktari hakubisha. Mdogo wangu akatandika godoro nyuma ya pikapu, akatundika turubali, nami nikakaa na mama kumshika kichwa. Aliendesha kwa upole, anakwepa kila shimo, na nilimwona kwenye kioo akitega sikio kama zile siku za jaribio, safari hii kwa kilichokuwa nyuma.

Siku ya tatu, baada ya chai ya asubuhi, mama alibadilika. Pumzi zikawa na masafa. Jirani mmoja mtu mzima alikuwa pembeni anasoma Yasin. Mdogo wangu alisimama mlangoni, hawezi kuingia wala kutoka. Tulimtamkisha shahada, akaitamka. Kisha macho yake yakaenda kwenye kasha, yakarudi kwangu.

Nililifungua. Sanda ilikuwepo, na kando yake chupa, imejaa karibu yote. Ule uzi mwekundu ulikuwa umefungwa fundo jengine, fundo la mtu anayefunga matenga. Nikachukua kisahani, nikaweka kipande cha pamba, nikamimina. Matone machache yakanimwagikia vidoleni.

Yalikuwa yanateleza.

Nikasugua kidole gumba na cha shahada. Vikateleza kama vimepakwa sabuni, na sabuni haikuwepo. Nimesomesha kemia miaka mingi. Kuna vitu mkono unavijua kabla ya kichwa. Kisha kikaanza kile kiwasho. Nilikiangalia kile kisahani na ile pamba nyeupe iliyokwisha nyonya, na ulikuwa umebaki mdomo wa mama tu, shubiri mbili kutoka hapo.

Niliinuka na kisahani na chupa, nikatoka kwenda ukumbini, nikamvuta mdogo wangu kwa kanzu.

"Ule unga uliutia?" Nilisema kwa sauti ya chini sana.

"Unga gani?"

"Wa juu ya kabati!"

Akaitazama chupa. "Lakini uliyeyuka, dada. Wote. Ulikwisha."

Nilitaka kumpiga. Sukari ikiyeyuka kwenye chai hakuna anayesema imekwisha. Unga ule haukuliwa na umeme, haukupanda na viputo. Kinachoondoka kwenye gudulia ni maji peke yake, na kila yakipungua, kostiki iliyobaki inazidi ukali. Alichokuwa amekirudisha kwenye kasha la mama kingemchoma ulimi na koo. Nilitaka kumwambia yote hayo, hapohapo, kwa kalamu nyekundu.

"Kwa nini uliyarejesha humu?" nikasema.

Akaanza kulia, mwanamme mzima na kofia yake kichwani. "Hayamwagwi yale. Ningeyapeleka wapi?"

Alisema kweli, hayamwagwi. Alikuwa amefanya kitu pekee ambacho mtu wetu mwenye adabu angeweza kufanya, na karibu kingemuua mama yetu kwa maumivu. Na nani aliyeyatoa maji yale kwenye kasha kwanza? Si yeye. Aliyeyatoa ni mie, kwa neno moja, siku ya mchele.

Chupa nikaiweka juu ya kabati, palepale ilipokuwa pakiti. Nikaosha mikono, nikaosha tena, mpaka utelezi ukaisha kabisa. Nikachukua kisahani chengine na pamba mpya. Kwenye mtungi wa ukumbini palikuwa na maji ya kisima, ya jana, ya baridi. Nikachota. Nikapiga bismillahi nikarudi chumbani, na jirani hakuinua macho kwenye msahafu wake.

Mama alikuwa amefumbua macho. Alikitazama kisahani.

"Ni yale?" akauliza. Sauti ilikuwa ndogo mno.

Mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni tena. Nilihisi ananitazama.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Ni yale yako."

Nikamlowesha mdomo. Akameza, akapumzika, akameza tena. Kisha akanigeuzia macho, na ndani yake mlikuwa na ule utani wake wa kizingitini, mdogo lakini wote.

"Umeona?" akasema. "Si majivu."

"Si majivu, mama."

Nikachovya pamba mara ya pili. Mkono ulikuwa unatetemeka hata maji yakamdondokea kidevuni, na yeye akanyanyua vidole vyake akanishika kiganja, akanisaidia kukifikisha.